Madam na Tovuti za Banda la Kuku

Madam hakunywa chai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa Kaplong wangekuambia juu yake, hata kabla ya kukuelekeza kwake. Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa kukosa kanisa, na anaweza kusamehewa kufuga ng'ombe wembamba, lakini kukataa chai katikati ya mashamba ya chai ni jambo linalotaka maelezo. Madam hakutoa maelezo. Alikunywa maji ya moto yaliyotiwa tangawizi, kwenye kikombe cha bati, na ukimkaribisha chai kwako alikuambia, "Hiyo majani nimeiangalia ikikua maisha yangu yote. Imetosha." Ya kwake mwenyewe aliyachuma na kuyapeleka kituoni kama jirani mwingine yeyote, akagombana na karani wa mizani, akarudi nyumbani kunywa tangawizi yake.

Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Vizazi vya wasichana na wavulana wa sehemu ile vilijifunza kwake kukata vitunguu bila kulia na kushona kifungo kisichong'oka. Watoto wa majirani walimwita Kogo, yaani nyanya, naye aliitikia. Lakini sisi tuliokwenda kwake tukiwa watu wazima tulibaki na Madam, kwa kuwa ukimwita vingine hakugeuka.

Alipostaafu alipumzika kama wiki moja hivi, akaona kupumzika hakumfai. Binti yake, Chebet, anayefanya kazi Nakuru, akamletea laptopu ya zamani ili awe anatazama mahubiri. Badala ya mahubiri Madam akakutana na video ya mtu anayejenga tovuti kwa kuburuta vitu na kipanya. Unachukua boksi la picha unaliweka hapa, unachukua boksi la maneno unaliweka pale, na ukurasa unasimama bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa zile alama za kutisha. Madam aliitazama video ile mpaka bando likaisha. Kisha akampigia Chebet simu na kumwambia kwa hasira, "Kumbe hii ni kupanga meza tu! Watu wa Nairobi wanalipwa kupanga meza, na hakuna mtu aliniambia!"

Hivyo ndivyo darasa lilivyozaliwa. Aliwahamisha kuku, akaweka simiti chini, akakusanya kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi ya Kericho, akazipanga kwenye meza ndefu kando ya kuta mbili za lile banda. Lilikuwa banda jembamba na refu, kwa hiyo sisi tulikaa huku na huku tukielekea ukutani, na yeye alitembea katikati akiwa ameshika mwiko. Mwiko haukuwa wa kumpiga mtu. Ulikuwa wa kuelekezea. Kuku hawakuukubali ule uhamisho, na mara kwa mara mmoja aliingia, akapanda mezani na kusimama juu ya kibodi. Madam alimtoa kwa heshima, akisema huyo alikuwa mwenye nyumba kabla yetu.

Mimi nilikuwa nauza simu na vifuniko vya simu katika duka moja la pale Kaplong. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, karibu na Kericho, nikakua nikisikia Kiluo nyumbani, Kipsigis dukani na Kiswahili kila mahali. Madam aliniita "msichana wa ziwa" tangu siku ya kwanza, ingawa ziwa lenyewe nililiona mara chache tu, wakati wa matanga. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Sasa unataka nikuite msichana wa laini? Chagua." Nikachagua ziwa.

Kuna jambo jingine nitalisema mapema ili lisikushtue mbele. Madam alikuwa anapoteza macho. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uoni kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu, na ulichokula haukirudishi. Mtu huyu aliyeanza maisha mapya kwa ajili ya kitu cha kutazamwa alikuwa anafungiwa dirisha taratibu. Hakuogopa giza. Alichoogopa, na alikisema waziwazi, ni kutolewa darasani na kuwekwa kwenye kiti mahali fulani kama mgonjwa. Yote aliyoyafanya katika miaka niliyomjua yalikuwa na hofu hiyo ndani yake, hata yale ya kuchekesha.

Sisi tulichelewa kujua. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akigombana na pembe za skrini. "Menyu iko wapi?" angeuliza.

"Iko kona ya juu, Madam."

"Kona gani? Mimi naona ukuta mtupu."

"Hapo kulia, Madam. Juu."

Basi angegeuza kichwa chote, kama anayemtafuta mtu aliyemwita barabarani, akaiona, akasema, "Sasa mbona mmeificha? Ileteni katikati." Tukaileta katikati. Mwaka ule tovuti zote zilizotoka kwenye banda lile zilikuwa na kila kitu katikati, kimesimama mstari mmoja, na pande zote mbili tupu. Watu wakadhani ni mtindo. Kijana mmoja wa Kericho mwenye ofisi ya mambo ya matangazo aliniuliza nani ametufundisha ile staili safi. Nilimwambia ni Madam wetu, na wakati huo hata mimi niliamini ni staili.

Somo lake lilikuwa jikoni siku zote. Boksi la ndani ya boksi aliliita sufuria ndani ya sufuria, na ukipotea mle akakuuliza, "Uko kwa sufuria gani?" Rangi zikizidi tatu alisema umepika mchuzi na kila kitu kilichokuwa kabatini. Ukiweka picha ya mashamba ya chai kwenye ukurasa wa mtu anayeuza viatu, alikuuliza kama huyo mtu anauza viatu vya kuvaliwa na michai. Hilo la picha za chai lilimkera kwelikweli. Kila mtu anayejenga tovuti Kericho au Bomet huanza kwa kuweka vilima vya kijani, halafu ndipo anafikiri. Madam alipiga marufuku. "Mtu wa hapa ameamka ameona chai, ataenda kulala ameona chai. Mwonyesheni bei ya viatu."

Kwenye mambo ya adabu ndipo alipokuwa mkali zaidi. Kwao Madam, mgeni akifika haulizwi kilichomleta. Anakaribishwa, anapewa mursik, yaani maziwa ya kugandishwa kibuyuni, au chai, anaulizwa habari za nyumbani, ng'ombe, mvua, na mwisho kabisa, akishatulia, ndipo neno linatoka. Sasa kulikuwa na mwenzetu mmoja, Kiprono, aliyekuwa akiuza chakula cha mifugo. Kijana mzuri, mwenye maneno mengi, mwepesi wa kupenda vitu vinavyorukaruka. Alijenga ukurasa wake, na ukiufungua tu, kabla hujaona hata gunia moja, fomu ilikurukia usoni ikitaka jina, namba ya simu na mahali unapoishi.

Madam aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kiprono, hii ni nini?"

"Ni fomu, Madam. Ya kushika kastoma mapema."

"Mgeni amebisha hodi, wewe umemwambia toa kitambulisho. Kwani wewe ni askari wa geti la kampuni?"

"Lakini Madam, kila websaiti ya majuu iko na hiyo."

"Huko majuu wakikuja kwako utawapa nini?"

"Nitawapa chai, Madam."

"Wape chai basi. Ondoa hiyo askari."

Kiprono akaiondoa. Akaweka salamu, picha ya ng'ombe mwenye afya, na maneno machache kuhusu chakula cha wakati wa kiangazi, na namba yake ya simu chini kabisa. Alinung'unika wiki nzima. Watu wakaanza kumpigia, akaacha kunung'unika, lakini hakumwambia Madam kwamba alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyemwambia Madam mambo kama hayo. Angekuuliza kwani ulitarajia nini.

Usifikiri alikuwa mtu wa kunyooka. Alikuwa amejaa kona. Alitukataza kutumia kile kitufe cha kurudisha ulichofuta, akisema mtu aamue kwanza ndipo abonyeze, lakini yeye mwenyewe tulimkuta akikichezea, anafuta kichwa cha habari, anakirudisha, anafuta, anakirudisha, anatabasamu peke yake. Alihubiri usafi wa kibodi huku makombo ya mandazi yakimdondoka. Aliimba kwenye kwaya na wakati huohuo alikuwa amegombana na nusu ya kwaya. Alitufundisha kuwaonyesha watu bidhaa zetu ulimwengu mzima, lakini namba yake ya simu hakumpa mtu mpaka amjue mama yake. Na sifa alizitoa kwa kipimo cha chumvi. Ukifanya kazi nzuri sana alisema, "Hii inaliwa." Niliipata hiyo "inaliwa" mara moja tu, kwa ukurasa wa fundi wa sweta za shule, nikaenda nayo nyumbani nikawaambia wazazi wangu, ambao hawakuelewa lakini walifurahi.

Kosa lake kubwa kuliko yote lilikuwa la namba zinazokimbia. Kwenye ile programu kulikuwa na kiolezo chenye namba kubwa inayoanzia sifuri na kupanda mbio mtu anapofungua ukurasa, mpaka ifike inapotakiwa. Makampuni huiweka ili kujisifu wana wateja wangapi. Madam alipoiona mara ya kwanza alipiga makofi. Na kwa kuwa ilikuwa namba moja kubwa iliyokaa katikati kabisa ya skrini, aliiona vizuri bila kugeuza kichwa. Sasa ninaelewa kwa nini aliipenda vile.

Wakati huo alikuwa akimjengea tovuti mzee mmoja wa upande wa Mulot, mfugaji wa siku nyingi, aliyetaka kuuza mitamba kwa watu wa mbali. Siku ya kumwonyesha kazi, mzee alikuja amevaa koti na kofia, akaketi mbele ya kompyuta kama aliyekuja kupigwa picha. Madam akafungua ukurasa. Namba ikaanza kupanda. Chini yake kulikuwa kumeandikwa "Ng'ombe wetu".

Mzee akasimama.

"Simamisha hiyo kitu."

Haisimamishwi. Iliendelea kupanda, kwa furaha yake yote, mbele yetu sote.

"Nani amekutuma uhesabie watu ng'ombe yangu?" mzee akauliza, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, wewe ni mtu wa hapa. Si mgeni."

Akaikaza kofia kichwani, akatoka. Mimi sikuelewa mara moja, mpaka Kiprono aliponiambia kwa mnong'ono kwamba mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, kama vile watoto wake wasivyohesabiwa. Hata mwenyewe akirudisha ng'ombe jioni huwaangalia sura, hawanyooshei kidole mmoja mmoja. Madam aliyajua haya kabla ya kujua kusoma. Alikaa kwenye kile kiti cha mzee, akasema, "Ile namba imenipumbaza." Alirudia maneno hayo mara kadhaa, na hakuna aliyethubutu kumfariji.

Kesho yake alifunga darasa akaenda Mulot, amebeba sukari na amemchukua Kiprono wa kumshika mkono kwenye mabonde. Kiprono ndiye aliyetuletea habari. Walipofika, mke wa mzee alileta chai, chai nzito ya maziwa, na Madam akaipokea kwa mikono miwili. Akainywa. Alipomaliza akaongezwa, akainywa na hiyo. "Na hakukunja uso, haki ya Mungu," Kiprono alituapia. Hawakuongea habari za namba hata kidogo. Waliongea mvua, waliongea ngano ya majirani, na wakati wa kuondoka mzee akasema Jumatatu atakuja kuangalia kazi yake. Ukurasa ule upo mpaka leo. Pale pa namba pameandikwa, "Ng'ombe wapo. Karibu uone mwenyewe." Watu wanatoka mbali kwenda kuona.

Ni katika safari ile ya Mulot Kiprono alipojua kuhusu macho. Alimwona akikanyaga pembeni mwa daraja la miti, akamdaka. Aliporudi alituambia, na zile menyu zote tulizozileta katikati zikaturudia kichwani. Madam hakukana. Alituambia amekwenda kliniki ya macho, amepewa dawa ya matone ya kulinda uoni uliobaki, na kwamba Chebet anataka ahamie Nakuru, auze ng'ombe, apumzike.

"Nikienda Nakuru nitakuwa mama mgonjwa wa Chebet," alisema. "Hapa mimi ni mwalimu mwenye macho mabaya. Hiyo ni kazi mbili tofauti."

Akaendelea kufundisha. Alitutaka tumsomee skrini kwa sauti, kona kwa kona, na ukisema uongo alikukamata, sijui vipi. Mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati na masikio kukosa kazi, alisimama tu katikati ya banda na mwiko wake akingoja ipungue. Nilimpenda sana katika dakika hizo. Alikuwa amesimama kazini, basi, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Lakini macho hayakungoja. Siku moja alimwaga tangawizi juu ya kompyuta ya Kiprono akidhani meza imeishia mbali zaidi, na jioni hiyohiyo akampigia Chebet simu mwenyewe, aje amchukue. Hakutuaga. Tulikuta banda limefungwa na kuku wanazungukazunguka mlangoni. Mimi nilihamia Kericho, nikakodi chumba juu ya duka la vitabu, nikaanza kujengea watu tovuti. Nilikuwa na kazi ya kutosha, na nilikuwa na tovuti yangu mwenyewe, nzuri, iliyojaa picha za kazi zangu. Chini kabisa niliweka picha ya darasa ambayo Chebet alitupiga alipokuja kutembea. Madam nilimpigia simu mara kadhaa. Alinijibu kwa kifupi, kama mtu aliyeketi kwenye chumba cha watu wengine.

Mwaka huu nilisikia amerudi. Kiprono ndiye aliyenieleza, na akaongeza kwamba amegombana na Chebet, na kuku, na daktari, kwa hiyo ni mzima. Nikaenda kumwona.

Nilimkuta sebuleni, viti vyote vimevaa vitambaa vyeupe alivyoshona mwenyewe enzi zake. Alikuwa amekonda kidogo. Macho yalikuwa yakiangalia kilichokuwa mbele yake kabisa, tena hapo, aliniambia, anaona mwanga na kivuli basi. Alinisalimia kirefu. Akauliza habari za wazazi wangu, za mguu wa baba, za mvua ya Kericho. Akanimiminia mursik kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa, wala hakumwaga tone. Ndipo aliposema, "Msichana wa ziwa, nimetembelea tovuti yako."

Nilishtuka. Akachukua simu yake mezani. Chebet alikuwa amemwekea ile sauti inayosoma kila kitu unachokigusa, na sauti yenyewe ilisoma Kiswahili kama padri aliyeshuka kwenye ndege jana. Madam alikuwa ameshaizoea. Akapapasa kioo kwa kidole na simu ikaanza: "Picha. Kitufe. Picha. Kitufe." Halafu ikasoma jina la faili ambalo kamera ilikuwa imeipa picha, herufi moja moja na tarakimu moja moja, kwa uvumilivu mkubwa. "Picha. Picha. Kitufe."

"Nimezunguka hapo siku mbili," Madam alisema. "Nimetoka bila kujua unauza nini."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni kazi zilizoonyeshwa kwa picha, na kwamba mtu akiziona anaelewa. Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikatamani kuyarudisha. Yeye hakukasirika. Alisogeza kiti.

"Kuna mahali pa kuandika maneno chini ya picha, yenye hayaonekani? Chebet ameniambia iko."

"Iko, Madam."

"Sasa umekaa kwa nini? Fungua laptopu."

Tukafanya kazi. Picha moja baada ya nyingine nilimwambia kilichomo, nikakiandika, tukaihifadhi, na simu ikamsomea, akasahihisha. Kwa ile ya fundi wa sweta niliandika "Sweta za shule". Akaniuliza rangi gani, shingo gani, zimekunjwa au zimetundikwa, mama wa mtoto atajuaje kama ni za shule yake. Nikaandika upya. Alikuwa ameketi mbele ya kiti, mgongo umenyooka, na alikuwa ananikatiza kabla sijamaliza sentensi, na nilifurahi mno hata sikujitetea. Katikati ya kazi simu yake ikalia. Alikuwa Chebet, akiuliza kama amekula na kama amelala kidogo mchana.

"Niko darasani," Madam akamwambia. "Nipigie baadaye."

Akakata. Akasema Kiprono na wengine waje Jumamosi na tovuti zao, anataka kuzisikia zote, na asiyekuwa na maneno asije.

Tukafika kwenye picha ya mwisho, ile ya darasa.

"Hii ni nini?"

"Ni sisi, Madam. Bandani."

"Andika."

Niliandika, "Darasa letu la Kaplong." Simu ikasoma. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni kibao cha barabarani. Mimi niko?"

"Uko katikati."

"Niko namna gani?"

"Umevaa sweta ya maruni. Umeinua mwiko. Mdomo uko wazi."

"Nasema nini?"

"Unamgombeza Kiprono. Kuna kuku juu ya kibodi yake."

"Weka kuku," alisema, akionyesha kuridhika. Nikaweka kuku. "Na nyinyi wengine? Mko wapi?"

"Tuko huku na huku, Madam. Kando ya ukuta. Tumegeuka tunakuangalia."

"Mnafanya nini?"

Niliitazama picha vizuri, kwa sababu alitaka ukweli. "Tunacheka," nikamwambia. "Wote. Mimi nimeziba mdomo na mkono. Kiprono mwenyewe anacheka, na ndiye anagombezwa."

Madam aliweka kikombe chini taratibu akatafuta ukingo wa meza.

"Mlikuwa mnacheka?"

"Kila siku, Madam. Tulijifunza kucheka bila sauti, ili usitufukuze."

"Sikuwaona," alisema. "Mlikuwa kando. Mimi nilikuwa nasikia kimya tu. Miaka hiyo yote nilijua mnaniogopa."

Nilitaka kumwambia mambo mengi kuhusu banda lile, kwamba tulikuwa tukifunga maduka mapema ili tusikose, kwamba tulimwiga njiani tukirudi na kugombania nani anamwiga vizuri, lakini niliandika tu. Niliandika kwamba mwalimu amesimama katikati na mwiko juu, kuku yuko kwenye kibodi, na wanafunzi wote, pande zote mbili, wanacheka. Nikahifadhi. Simu ikayasoma maneno hayo kwa lafudhi yake ya padri mgeni, ikakosea pa kupumzika, ikafika mwisho.

"Hapo mwisho," Madam akasema. "Irudie hapo mwisho."

Nikairudia. Akasikiliza akiwa amegeuza uso upande wa kulia, halafu akaugeuza upande wa kushoto, polepole, akiwatafuta. Kisha akaniambia nisiongeze neno, niichapishe hivyohivyo.